Kijana wa Changamwe na Shahada za Uhasibu

Ni mitaa michache katika nchi yetu ambayo mali ya watu wa mbali hupita kando ya milango yake kwa wingi kama ipitavyo Changamwe. Shehena ziteremshwazo katika gati za Kipevu, mafuta yasukumwayo kwa bomba kwenda Nairobi tangu mwaka 1978, makontena yalalayo katika yadi za upande wa Magongo, vifurushi vishukavyo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, na mizigo ya treni ya reli mpya iliyoanza safari zake mwaka 2017, vyote hivi, kabla ya kuwa faida au hasara ya mtu yeyote, huwa kwanza ni tarakimu katika daftari la mhasibu fulani. Kwa hivyo si ajabu kijana wa Chaani, wa Migadini au wa Port Reitz, akimaliza kidato cha nne na kuulizwa azma yake na wazee, hujibu kwamba ataka kusoma uhasibu. La ajabu ni kwamba aghalabu mazungumzo huishia hapo. Mzee huitikia kwa furaha, karo hutafutwa kwa jasho, na kijana hupelekwa katika chuo cha kwanza kilichobandika tangazo lake kwenye nguzo ya stima, pasi na mtu yeyote kumwuliza ni uhasibu wa namna gani, wa kumtumikia nani, na wa nchi ipi.

Rai yangu ni kwamba mtu anayetaka kuchagua shahada ya uhasibu autazame kwanza mwisho wa safari yake: nani atamwajiri, katika nchi gani, na sheria ya nchi hiyo itamruhusu kutia sahihi waraka gani. Akishapata jawabu, jina la shahada litajitokeza lenyewe. Asipolipata, atakuwa kama mtu aliyeshonewa kanzu kabla ya kupimwa, ambaye siku ya idi humlazimu kutembea ameshikilia pindo. Nimewaona vijana wengi wa namna hiyo, wenye akili timamu na bidii isiyo shaka, wakiwa na vyeti viwili au vitatu vya thamani ambavyo hakuna hata kimoja kinachofungua kazi waliyoitamani, na kila mara sababu imekuwa kwamba shahada ilichaguliwa kwa sifa zake mdomoni mwa watu.

Nianze na sheria, maana ndiyo isiyozungumzwa sana na ndiyo yenye nguvu kuliko mengine yote. Serikali ya Kenya iliunda bodi ya mitihani, KASNEB, mwaka 1969, nchi ikiwa changa na yenye haja kubwa ya wahasibu wake yenyewe. Mwaka 1977 Bunge likapitisha Sheria ya Wahasibu, na mwaka uliofuata ikasimama taasisi ya wahasibu, ICPAK, ambayo hadi leo, chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 iliyochukua mahali pa ile ya kwanza, ndiyo yenye kuwasajili wahasibu wa Kenya na kuwapa cheti cha kuutumikia umma wale wanaotaka kufanya ukaguzi wa hesabu kwa jina lao wenyewe. Maana yake ni dhahiri. Kijana mwenye ndoto ya kufungua ofisi yake ya ukaguzi, iwe katika chumba kimoja karibu na mzunguko wa Changamwe au katika jumba la Moi Avenue, na kutia sahihi chini ya maneno yanayowaambia wenye hisa, benki na serikali kwamba hesabu hizi zinaonyesha hali ya kweli, hana budi kuwa katika daftari la taasisi hiyo; na njia iliyonyooka ya kuingia humo ni shahada ya uhasibu ya CPA, inayotahiniwa na KASNEB. Shahada ya nje inaweza kumfikisha pia, lakini aliyesoma kodi na sheria ya makampuni ya nchi nyingine itampasa azithibitishe za hapa kabla ya kusajiliwa, na muda huo ni bora auhesabu tangu mwanzo kuliko kuugundua akiwa na umri wa kuoa.

CPA yenyewe, tangu mtaala uliobadilishwa mwaka 2021, ina daraja tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Mwenye gredi ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne huingia moja kwa moja. Asiyefika hapo hana sababu ya kukata tamaa, na juu ya jambo hili nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo palipo na machozi mengi katika nyumba zetu.

Jirani yetu mmoja wa upande wa Mikindani alinijia siku chache baada ya matokeo kutangazwa, ameshika karatasi ya mwanawe kama ashikavyo mtu hati ya deni. Akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto ameniaibisha. Mwenzake wa mlango wa pili anakwenda CPA, na huyu naambiwa aanzie diploma." Nikamjibu, "Mama, hiyo diploma ndiyo itakayomlipa mshahara wa kwanza." Hakufurahi, wala sikumlaumu, kwani sisi wenyewe, wazee na walimu, ndio tuliomfundisha kwamba diploma ya mafundi wa uhasibu, ATD, ni mahali pa walioshindwa. Tulikosea, na makosa hayo yanawagharimu watoto miaka. ATD imetungwa kwa ajili ya mtu anayeshika kitabu chenyewe: anayeandika vocha, anayelinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, anayekokotoa mishahara pamoja na makato yake, anayeandaa marejesho ya kodi kabla ya tarehe yake kupita. Ofisi ndogo zilizojaa Changamwe, za mawakala wa forodha, wenye malori, maduka ya vipuri, zahanati na vyama vya akiba na mikopo, zinamhitaji mtu huyo kuliko zinavyomhitaji bwana mkubwa wa kuzungumzia mikakati. Naye akishamaliza, mlango wa CPA uko wazi mbele yake, na ataingia akiwa amekwisha kuzigusa kwa mikono yake hesabu ambazo mwenzake wa C+ bado anazisoma katika mifano ya vitabu. Madhali kijana huyo ana subira, sioni alichopoteza.

Nimetaja mawakala wa forodha. Hao ndio waajiri ambao kijana wa Changamwe huwaona kila siku na ambao mara chache huwaingiza katika tadbiri zake, kwa hivyo nitaifungua kazi yao kidogo. Tuchukue jalada moja katika yale yanayorundikana mezani mwao. Mteja wa Nairobi ameagiza kontena la vigae, na ndani ya jalada mna hati ya shehena, ankara ya muuzaji, tamko la forodha, stakabadhi za ushuru, za bandari, za kampuni ya meli na za yadi, pamoja na kikaratasi cha mwenye lori kilichoandikwa juu ya goti. Tuseme mteja ametuma shilingi 1,000,000. Katika hizo, 780,000 zimelipwa Mamlaka ya Mapato, 130,000 zimegawanyika baina ya bandari, kampuni ya meli na yadi, 50,000 zimewekwa dhamana hadi kontena tupu lirudishwe, na 40,000 ndizo ada ya wakala. Karani asiyefunzwa huiandika milioni nzima kuwa pato la ofisi. Mwaka ukiisha kampuni huonekana imepata fedha ambazo haikuzipata kamwe, hesabu ya kodi huvurugika, na ile 50,000 ikirudi, ambayo ni amana ya mteja na haikuwa mali ya ofisi hata siku moja, hulipiwa mishahara, hadi mteja aje kuidai na kukuta mfuko mtupu. Aliyefunzwa hujua kwamba pato ni 40,000 peke yake, kwamba hiyo ndiyo ada inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani na kutolewa ankara ya kielektroniki ya eTIMS kwa jina la wakala, na kwamba yaliyosalia yote ni fedha za watu zilizopita mkononi mwake na kuacha nyayo katika daftari. Tofauti baina ya makarani hao wawili ndiyo tofauti baina ya ofisi inayodumu miaka thelathini na ile inayofunga na kubadili jina.

Wala kazi hii si ngeni katika pwani yetu. Katika karne ya kumi na tisa, forodha ya Masultani wa Zanzibar, ambayo mkono wake ulifika hadi bandari za mrima wote pamoja na Mombasa, ilikodishwa kwa nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, mashuhuri zaidi kati yao ile ya Jairam Shivji na baadaye ya Tharia Topan. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake, kilichopungua kikawa hasara yake. Kwa hivyo riziki yake yote ilitegemea usahihi wa makarani waliokaa forodhani na kuandika. Kilichobadilika ni kwamba leo ushuru hutozwa kwa sheria moja ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, na wakala hana budi kuwa na leseni inayohuishwa kila mwaka. Kijana anayeipenda kazi hii, ningemshauri asome CPA au ATD kwa ajili ya hesabu na kodi, na kando yake achukue kile cheti cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo kinachotambuliwa katika Jumuiya yote. Mtu mmoja mwenye maarifa hayo mawili pamoja ni nadra, na Changamwe yote yamtafuta.

Hata hivyo, lazima nimwambie pia kwamba kazi iliyofungwa na mahali pamoja huweza kuhamishwa na barua moja. Wazee wa Changamwe wanakumbuka kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963 na kusimama kusafisha mwaka 2013, na jinsi nyumba zilizokuwa zikitegemea mshahara wake zilivyolazimika kutafuta njia nyingine. Tena mwezi wa Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote iingiayo nchini na kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa treni na kutolewa ushuru Nairobi. Malori yakasimama, yadi zikapungukiwa na kazi, na watu wa Mombasa wakawa wakiandamana barabarani Jumatatu baada ya Jumatatu. Mahakama Kuu ya Mombasa iliitangua amri hiyo Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais mpya akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudi Mombasa. Lakini katika miaka hiyo mitatu makarani waliojua jalada la forodha peke yake walikaa nyumbani, ilhali aliyekuwa na CPA mkononi aliweza kubisha hodi katika hospitali, katika serikali ya kaunti, katika shule au katika kiwanda, akaulizwa tu ataanza lini. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba ujuzi wa bandari uwe juu ya shahada iliyo pana, usiwe badala yake.

Nikifika kwenye shahada za nje, najua naingia mahali ambapo hisia ni kali. ACCA ya Uingereza, ambayo chimbuko lake ni chama kilichoundwa London mwaka 1904, ina mitihani 13, nafasi nne za kuitahini kila mwaka, na sharti la miezi 36 ya kazi iliyoshuhudiwa na msimamizi. Ni shahada nzuri, na wanaoibeza hawaijui. Swali langu kwa kijana ni moja: wataka kuipeleka wapi? Ikiwa moyo wake uko Dubai, Maskati au Doha, ambako watu wa pwani hii wana jamaa na mazoea ya karne nyingi, basi ana hoja, kwani katika nchi za Ghuba mwajiri huitambua ACCA kabla hujamaliza kuitamka, na haja ya wahasibu huko imekua kwa sababu inayojulikana. Nchi zilizokuwa hazitozi kodi fulani zimeanza kuzitoza. Falme za Kiarabu zilianza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 Januari 2018, Omani ikafuata Aprili 2021, na Juni 2023 Falme za Kiarabu zikaanza kutoza kodi ya faida ya makampuni kwa asilimia 9. Mfanyabiashara wa Deira, Dubai, ambaye kwa miaka mingi alitosheka na daftari la mauzo na mtu wa kulishika sasa anahitaji mtu anayeweza kutetea hesabu zake mbele ya serikali.

Lakini ada ya ACCA hulipwa kwa pauni, na jambo hili wauzaji wa masomo hulipitia kwa haraka sana. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 na pauni ikapita shilingi 200. Mzazi aliyekuwa amejiwekea bajeti ya mtihani kwa bei ya mwaka uliotangulia akajikuta amepungukiwa, na mwanawe akaahirisha. Tena daraja ya mwisho ya shahada hiyo ina muda wake wa miaka saba, na anayeahirisha kwa kukosa fedha huku saa inakwenda yuko katika hatari ya kupoteza masomo aliyokwisha kuyafaulu. Kwa mtu ambaye azma yake ni kuishi na kufanya kazi Mombasa, nasema pasi na kusita kwamba gharama hiyo haina sababu. Afanye CPA kwa shilingi. Na siku akipata kazi ya Ghuba mezani, aiombe ACCA impe msamaha wa masomo aliyokwisha kuyafanya, amalizie yaliyobaki akiwa na mshahara wake mwenyewe.

Kuna vijana ambao hawavutiwi na ukaguzi wala kodi, ila wakipita karibu na kiwanda hujiuliza jinsi bei ya kitu kimoja inavyopatikana: umeme umechukua kiasi gani, mtambo umesimama saa ngapi, malighafi iliyopotea njiani italipwa na nani. Hao wameumbwa kwa uhasibu wa gharama na uongozi, na shahada yao ni CIMA, iliyozaliwa Uingereza mwaka 1919, baada tu ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa haja hiyo hiyo ya viwanda kujua gharama zao. Katika viwanda vya ukanda wa bidhaa za kuuza nje, katika maghala ya mafuta na katika mitambo ya umeme ya Kipevu, mtu wa namna hii huketi karibu na wahandisi, na ushauri wake husikizwa kabla fedha hazijatumika. Shahada hiyo haimpi sahihi ya ukaguzi, naye haitaki.

Kwa makatibu wa makampuni nitasema machache, ingawa wamesahauliwa bila haki. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inaitaka kila kampuni ya umma, na kila ya binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 au zaidi, iwe na katibu aliyesajiliwa, na mitihani ya ukatibu huo, CS, iko KASNEB hiyo hiyo. Msichana au mvulana mwenye kupenda sheria na maandishi, mwenye staha ya kukaa na wakurugenzi na kuandika kumbukumbu zao bila kuongeza wala kupunguza, atapata hapo riziki isiyokuwa na msongamano. Wanaopenda soko la hisa na dhamana za serikali wana CIFA. Wanaopenda kuchunguza mifumo ya kompyuta wana CISA, ambayo hata hivyo hudai miaka mitano ya kazi, na kwa hivyo hawezi kuanza nayo mtu aliyetoka shuleni jana.

Liko jambo moja linalonikera zaidi kuliko yote, nalo ni kwamba sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika hukumu za riba, za mirathi, za zaka na za wakfu, tumewaachia wengine uhasibu wa Kiislamu. Benki mbili za kwanza za nchi hii zilizofuata sharia kwa ukamilifu, Gulf African na First Community, zilifungua milango mwaka 2008, na benki za kawaida nazo zikafungua madirisha ya namna hiyo. Murabaha haiandikwi daftarini kama mkopo wa riba: benki hununua bidhaa, huimiliki, kisha humwuzia mteja kwa bei iliyozidi na kwa malipo ya awamu, na mhasibu asiyeelewa umiliki huo unapoanza na unapokoma ataiandika faida isiyo halali au ataiacha iliyo halali. Bahrain kuna taasisi, AAOIFI, iliyosimamishwa mwaka 1991 kuweka kanuni za hesabu hizo, nayo hutoa shahada ya mhasibu wa Kiislamu, CIPA, na nyingine ya mshauri na mkaguzi wa sharia. Kijana wa Changamwe aliyepita madrasa, anayesoma Kiarabu cha kitabu na ambaye ameongeza CPA juu yake, ana sifa ambazo kijana wa bara na hata wa London hawezi kuzipata kwa miaka miwili ya darasani. Hata asipovuka bahari, mali za wakfu zilizotapakaa Mombasa, nyumba na viwanja vilivyoachwa na marehemu kwa ajili ya misikiti, jamaa na maskini, zinahitaji mtu wa kueleza kodi ya kila chumba imeingia wapi na imetoka vipi. Sijui amana gani iliyo nzito kuliko hiyo.

Na anayetaka kuvuka mpaka wa karibu asidhani ataanza upya. Taasisi za wahasibu za Jumuiya zilitiliana sahihi mwaka 2011 makubaliano ya kutambuana, kwa hivyo CPA wa Kenya anayehamia Kampala au Dar es Salaam ana njia ya kujisajili kwa ICPAU, taasisi ya Uganda iliyoundwa mwaka 1992, au kwa NBAA ya Tanzania, iliyotokana na sheria ya mwaka 1972, akaongeza kodi na sheria za huko. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo shehena za Uganda, za Rwanda na za Kongo ya mashariki hupita kila saa, hilo ni jambo la kulitia maanani.

Fauka ya hayo, kuna maradhi ya kukusanya. Kijana humaliza daraja moja ya CPA, akasikia habari za ACCA akajiandikisha, akasikia CIFA inalipa akanunua vitabu vyake, na miaka sita ikipita ana barua sita za kusajiliwa, hana shahada hata moja. Vyuo havimkatazi, kwani kila usajili mpya una ada yake. Mimi ningetaka mwalimu wa uhasibu aliye mwaminifu amzuie mwanafunzi huyo mlangoni na kumwambia amalize alichoanza.

Kisha huja mazoezi ya kazi, na hapa lawama inatoka kwa vijana na kutufikia sisi wenye ofisi. Taasisi nyingi nilizozitaja hudai uzoefu, na mwajiri hudai uzoefu kabla ya kuajiri. Kijana aliyefaulu mitihani yake yote huzunguka na bahasha kuanzia Magongo hadi mjini, ng'ambo ya daraja la Makupa, akiombwa kitu ambacho ni sisi tu tunaoweza kumpa. Yadi za makontena, mashirika ya umma yaliyo Kipevu na Port Reitz, ofisi za ukaguzi, serikali ya kaunti na mawakala wakubwa wa forodha wanaweza kila mmoja kuchukua wanagenzi wawili kwa mwaka, kwa mkataba ulioandikwa, kwa posho inayotosha nauli na chakula cha mchana, na chini ya mhasibu aliyesajiliwa atakayeitia sahihi rekodi ya kazi zao kila robo ya mwaka. Nafasi hizo zitangazwe hadharani, katika ofisi ya chifu, misikitini, makanisani na kwenye mbao za shule za sekondari za Changamwe, mwezi ule ule matokeo ya kidato cha nne yatokapo, zikieleza ni kazi gani itakayofundishwa na ni shahada gani inayoendana nayo, ili mzazi aende chuoni akijua anachokwenda kununua.